Kodi ya Sajini Asiyeoshwa

Nchini kwetu Salamani hakuna vita. Naanza na hilo ili msomaji akae raha, asije akafika mbele akakuta maiti akadhani kuna jambo. Hakuna jambo. Redio hututangazia kila asubuhi, baada ya habari za ng'ombe waliopotea na kabla ya habari za mvua, kwamba nchi ni shwari na kwamba Mtukufu Mtulizaji, kiongozi wetu, ameamka salama.

Mie ni mjane, jina langu Mwanakheri binti Shomari. Skuli nilisoma ya msingi tu, chuoni nikahitimu msahafu, kwa hiyo mambo makubwa ya serikali huwa nayatazama zaidi kuliko kuyaelewa. Mume wangu alikuwa askari, Sajini Dadi Mkomwa. Alipelekwa Bonde la Kwembeza, huko mpakani, ambako hakukuwa na vita. Alikwenda na kikosi kizima, na mizinga, na lori la majeneza matupu. Nilimuuliza, "Baba Rukia, majeneza ya nini?" Akacheka, akasema, "Ya akiba, mke wangu. Jeshi halikosi akiba."

Alirudi ndani ya moja.

Aliyemleta ni mkuu wake, Kapteni Hemedi Nguyu. Huyu hakuwa mgeni kwetu. Alikuwa akila kwangu kila apatapo likizo, akiniita shemeji, akiusifu mchuzi wangu wa papa mpaka mume wangu akijifanya ana wivu. Siku hiyo alikuja na vumbi mpaka kwenye kope, mkono umefungwa bendeji. Watu walikuwa wamekwisha kuchemsha maji ya josho na majani ya mkunazi, kafuri imesagwa, pazia limefungwa. Mie mwenyewe nilikuwa nimekunja mikono ya nguo, maana mke ana haki ya kumwosha mumewe, na haki hiyo sikutaka mtu anichukulie.

Maalim Zubeir, imamu wetu, akasimama mbele ya jeneza.

"Kapteni," akasema, "nina swali, na nataka jibu la mtu anayemwogopa Mungu. Huyu amefia wapi?"

"Vitani, Maalim."

"Vitani kweli? Isije ikawa amegongwa na gari la jeshi, au kaanguka kwenye ngazi. Hukumu zake ni mbalimbali. Aliyegongwa tunamwosha. Aliyeuawa uwanja wa vita akilinda roho za watu, huyo shahidi. Haoshwi. Anazikwa na nguo zake na damu yake, na atafufuliwa nayo."

Kapteni akaweka kiganja juu ya jeneza. "Wallahi, billahi, tallahi. Kafia vitani, mikononi mwangu, akitoa wanawake na watoto ndani ya msikiti uliokuwa unaungua. Risasi zimemwingia kifuani. Mgongoni hana hata mkwaruzo."

Maalim akageuka akasema, "Mwageni maji."

Maji yakamwagwa chini ya mpapai. Nikashusha mikono ya nguo yangu. Sikumgusa mume wangu hata uso, na nilikaa eda yote bila kujuta, kwa sababu ya kile kiapo.

*

Sasa kodi inaingiaje hapa? Inaingia kwa mlango wa mbele.

Salamani tuna sheria moja nzuri sana, sina neno nayo. Askari akiwa katika Eneo la Vita, mshahara wake haukatwi kodi. Mantiki yake hata mie wa skuli ya msingi niliiona: mtu anayetoa damu usimdai na jasho. Basi mshahara wa Sajini ulikuwa ukija mzima, mie nasimamia mafundi, na nyumba ikapanda: matofali ya kuchoma, baraza ya saruji, bati za rangi ya damu ya mzee.

Nilipotoka eda tu, Mtukufu Mtulizaji akahutubia taifa katika Sikukuu ya Utulivu. Alivaa kanzu nyeupe, akashika tawi la mzeituni la plastiki.

"Wananchi!" akasema. "Nimesikia minong'ono. Eti Kwembeza kulikuwa na vita! Nani aliviona? Mimi sikuviona, nami nina macho ya taifa zima. Kilichokuwepo Kwembeza ni kutoelewana kwa sauti kubwa. Nako kumekwisha. Na kwa kuwa kumekwisha, hakukuwepo!"

Uwanja mzima ukapiga makofi. Waliochelewa kupiga walisaidiwa.

Haikupita wiki, hodi mlangoni. Bwana mmoja wa Idara ya Mapato, Chiwaya, mwembamba, mkoba mkubwa kuliko yeye. Nilikuwa na wifi yangu Zena, dada wa marehemu, tunachambua mchele. Tukamkaribisha kiti, akakikagua kwanza, kisha akakaa.

"Poleni na msiba, akina mama," akasema. "Marehemu alikwepa kodi."

Zena akaweka ungo chini. "Alikwepa wapi, baba? Yule hata mbu alikuwa hakwepi."

"Alipokea mshahara mzima kwa kujifanya yuko vitani."

"Hakujifanya," nikasema. "Mlimpeleka nyinyi wenyewe, kwa lori lenu."

"Tulimpeleka mahali pa amani, mama. Mtu akipelekwa penye amani halafu akafanya mambo ya vitani, hilo ni tatizo lake binafsi."

"Alijifanya mpaka akafa?" Zena akauliza.

Chiwaya akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Wengine huzidisha."

Akasimama akaizunguka nyumba. Akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, kama anunuaye nazi. Aliporudi alisema nyumba hii kwa kweli ni kodi ya taifa iliyosimama wima. Ama tuilipe, ama taifa lihamie. Ila alikuwa mtu wa haki, akatuonyesha njia. Kuna Baraza la Rufaa za Kodi. Nikimpata ofisa aliyekuwa Kwembeza, akaja akasema mbele ya Baraza kwamba vita vilikuwepo, basi msamaha unabaki na nyumba inabaki.

Alipoondoka nilicheka. Zena akanishangaa. "Wifi, umechanganyikiwa?"

"Nacheka kwa raha, wifi. Ofisa tunaye. Kapteni Nguyu aliapa mbele ya mji mzima."

*

Nikapanda basi hadi mji mkuu. Nikafunga visheti kwenye kikapu, maana huendi kwa mtu mikono mitupu. Getini kwa Wizara ya Utulivu, ambayo zamani iliitwa ya Ulinzi, nikamuulizia Kapteni Hemedi Nguyu.

"Siku hizi ni Luteni Kanali," akasema mlinzi. "Hayupo ofisini. Yuko Eneo la Vita."

Nikamsogelea. "Kumbe vita vipo?"

"Vipo, mama. Ghorofa ya pili, mkono wa kulia, ukipita chooni."

Nikapanda ngazi nikisoma Ayatul Kursiy. Mlangoni pamebandikwa kibao: ENEO LA VITA. TAFADHALI VUA VIATU. Nikavua. Ndani kuna zulia zito, mguu unazama, na ramani kubwa ukutani, na ubaridi wa mashine kama umefungiwa ndani ya mtungi. Wazee wa jeshi wamekaa kwenye makochi, baadhi wamelala. Viti vilivyo karibu na ramani vimeandikwa Mstari wa Mbele. Mzee mmoja alikuwa na nishani mpya kifuani. Nikaambiwa ya majeraha, alimwagikiwa chai.

"Shemeji!" Ndiye yeye. Kanenepa. Bendeji hana. Akafungua kikapu kabla hajaniuliza hali, akatia kisheti mdomoni. "Aah! Mikono yako ni ile ile."

Nikamuuliza mahali hapa pana nini.

"Ni sheria, shemeji. Msamaha wa kodi upo, na msamaha lazima uwe na eneo lake. Huwezi kuwa na neti usiwe na pa kuitundika. Mtukufu alipotangaza Kwembeza shwari, eneo likakosekana. Wataalamu wakakaa, wakaona amri zote zilikuwa zikitoka chumba hiki. Basi vita vilikuwa hapa."

"Na nyinyi mliokaa hapa?"

"Hatukatwi." Akafuta mikono. "Wala mawaziri. Siku ya mshahara wote hupita humu, hata kama ni kwa kikombe kimoja cha chai, wakaandikwa kuwa walikuwa vitani. Tumebanana kweli kweli, ikabidi eneo liongezwe. Sasa linashika na kantini, na ng'ambo ya barabara mpaka saluni ya mke wa Waziri."

Nikamweleza shida yangu. Alisikiliza, na machozi yakamtoka. Nililitazama lile chozi vizuri, kwa sababu nimewaona watu wengi wakilia misibani na wengine wao hulia kwa pua tu. Lile lilikuwa chozi la kweli.

"Kwa Dadi?" akasema. "Dadi alinibeba mgongoni kule, shemeji, unajua hilo? Mkono wangu umevunjika, yeye akanibeba. Nitakuja Barazani. Nitasema niliyoyaona. Nenda kalale."

Nikaenda. Nikalala.

*

Baraza lilikaa kwenye ukumbi wa mkoa, wazee watano mezani na Mwenyekiti katikati, mtu wa sauti ya kukoroma. Alianza kwa kuwashukuru waliotengeneza viti. Halafu akasema:

"Kodi ni mapenzi. Mtu hukupa kwa sababu anakupenda. Anayekata rufaa ya kodi ni mfano wa mke aliyeandaliwa chakula akauliza bei ya nyama. Hata hivyo Salamani ni nchi ya haki, na haki haina haraka. Nani shahidi wa mama huyu?"

Nguyu akaingia. Nguo zimepigwa pasi, ukigusa utajikata. Hakunitazama.

"Luteni Kanali, ulikuwapo Kwembeza?"

"Nilikuwapo, Mheshimiwa."

"Uliona vita?"

Maalim Zubeir alikuwa amekaa nyuma yangu, na Zena pembeni. Nilisikia tasbihi ya Maalim imesimama.

"Niliona utulivu, Mheshimiwa. Utulivu mkubwa."

"Na Sajini Dadi Mkomwa aliuawa na nini?"

"Risasi, Mheshimiwa. Lakini haikuwa ya vita. Ilikuwa inapita zake."

"Na msikiti uliotajwa na mama huyu, kwamba uliungua?"

"Ulipata joto."

Wazee wakaandika. Mie nikasimama. Mtu akaniambia nikae, sikukaa.

"Shemeji Hemedi," nikasema, "kiganja chako kilikuwa juu ya jeneza. Ulimtaja Mungu mara tatu. Maalim huyu hapa, wifi yangu huyu hapa. Kwa maneno yako tulimwaga maji ya josho. Leo unasema hakukuwa na vita. Sasa nikuulize: tumemzika nani?"

Hapo akanitazama. Akajibu kwa upole kabisa, kama mtu anayemfahamisha mtoto:

"Shemeji, pale hapakuwa na mtu wa serikali."

Hata Mwenyekiti alikohoa. Kisha akanieleza, kwa kuwa alikuwa na huruma, kwamba hata Kanali angesema vingine isingewezekana. Sheria imetaja Eneo la Vita moja tu. Likiwa Kwembeza, haliwezi kuwa ghorofa ya pili. "Na likiondoka ghorofa ya pili, mama, tafakari, ni watu wangapi wazito watakatwa kodi." Alipotamka hivyo wazee wote wanne walitazama chini. Nami nikatazama walipotazama. Walikuwa wamevaa soksi nzuri, nene, za mtu anayekaa sana juu ya zulia.

"Lakini," Mwenyekiti akaendelea, "Mtukufu hamwachi mjane. Ipo njia ya rehema. Ijumaa gari la redio litakuja mpaka barazani kwako. Utakula Kiapo cha Utulivu, taifa likisikia: kwamba mumeo alikufa kwa amani, mahali pa amani. Ukishakula, kodi yote imefutwa, nyumba yako, na utapewa doti ya kanga yenye picha ya Mtukufu."

"Na nisipokula?"

"Nani akatae kula?" akasema, na wazee wakacheka.

*

Njiani nilimuuliza Maalim. "Nikiapa inakuwaje?"

"Mimi nilimzika kwa kiapo cha mtu," akasema. "Yule wa kwanza amekivunja, atajibu mwenyewe. Lakini wewe mkewe ukisimama ukaapa kwamba hakukuwa na vita, basi nimemlaza muislamu kaburini na jasho lake, bila hata kopo la maji. Na sasa siwezi tena kumtoa. Sikuamrishi, mwanangu. Una mtoto."

Zena yeye hakungoja kuulizwa. Alinianza tangu tunafungua mlango.

"Kula kiapo, wifi. Kile si kiapo, ni kelele za redio. Mungu anajua wanavyotulazimisha."

"Mungu anajua, ndiyo. Ndiyo maana naogopa."

"Kaka yangu haloi mvua alipo! Wewe na Rukia ndio mtakaoloa. Unadhani angekuwa hai angekwambia nini? Angesema, Mwanakheri, acha ukaidi, kaa ndani ya nyumba yangu!"

"Angesema hivyo."

"Basi?"

"Basi yeye angesema kwa kunihurumia. Na yeye nani atakayemhurumia? Yule rafiki yake kishamvua ushahidi. Wazee wa soksi wamemvua. Amebakiwa na mie tu, wifi. Nikimvua na mie, atabaki na nini?"

Zena alilia kwa hasira. Akasema nampenda maiti kuliko damu yake iliyo hai, na kwamba kanga nitakazofunikwa siku yangu atanunua yeye, maana mie nitakuwa sina hata ya kujifuta pua. Akatoka akabamiza mlango. Sikumlaumu. Alisema kweli nusu yake, na nusu hiyo ilinichoma.

Ijumaa gari la redio likaja, na Chiwaya na mkoba wake, na askari wenye bunduki wa kudumisha utulivu. Majirani wamejaa. Kipaza sauti kikasimamishwa barazani, kanga imekunjwa juu ya kiti, Mtukufu ametabasamu kwa juu. Nilikuwa nimetia udhu. Nikashika kile chuma, baridi.

"Mimi Mwanakheri binti Shomari," nikasema, "naapa kwa Mwenyezi Mungu, mume wangu Dadi Mkomwa alifia vitani—"

Wimbo wa taifa ukapigwa. Waliokuwa na redio majumbani waliniambia baadaye walisikia jina langu, halafu tarumbeta, halafu habari za ng'ombe.

Chiwaya hakukasirika. Alikuwa mtu wa taratibu. Akafungua mkoba, akaniambia nihame, na kwamba ataandika nimehama kwa hiari.

"Andika kwa nguvu," nikasema.

"Mama, hilo halipo. Salamani watu huhama kwa hiari tu."

"Na hawa wenye bunduki?"

"Wanakusindikiza."

Basi nikatandika mkeka wangu wa kusalia katikati ya sebule, nikaketi. Nikamwambia mguu wangu hautavuka kizingiti hiki. Yeyote asemaye nimetoka, aseme pia alivyonitoa. Rukia nilikuwa nimekwisha kumpeleka kwa Maalim tangu alfajiri. Askari wakaitana. Wakangojea amri, amri ikaja. Wakashika mkeka pembe zote nne, wakaninyanyua mie juu yake, wakanipitisha mlangoni miguu mbele, huku mmoja akisema, "Samahani, mama, samahani, mama," na mwenzake akimwambia anyamaze. Uani wakanishusha. Nyuma yangu nyundo zikaanza kung'oa bati, kodi ya taifa ikichukuliwa vipande vipande.

Majirani walikuwa wamesimama, macho chini. Wale wale waliokula hitima yangu. Hakuna aliyetia neno, maana kila mmoja alikuwa na nyumba. Na redio ya mtu, sijui wa wapi, ilikuwa ikitangaza kwamba Luteni Kanali Hemedi Nguyu ametunukiwa Nishani ya Ushujaa kwa kuutetea utulivu katika hali ngumu.

Zena alitoka katikati ya watu. Tangu siku ile ya mlango hatukuwa tumesemezana. Nikadhani anakuja kunimalizia. Alipita mbele ya Chiwaya, akapita mbele ya askari, akapiga goti kwenye mchanga mbele ya mkeka wangu. Akanishika mkono kama ashikwavyo mtu anayerejea kutoka mbali, akasema kwa sauti ambayo ilifika mpaka kwenye gari la redio:

"Pole na vita, wifi."

Nyundo zikasita. Chiwaya akageuka kutafuta aliyetamka neno lile, na majirani wote wakainua nyuso.

"Nishapoa, wifi," nikamjibu. "Vita vyetu hivi."